Maziwa ya Bibi na Bahasha Isiyo na Lakiri

Kwa aliyenikosa juma lililopita, habari yenyewe ni fupi na inanuka.

Mimi ni Inas, mkuu wa uhusiano wa umma katika kampuni moja ya maziwa hapa Kairo. Jina la kampuni silitaji, wakili wangu amenikataza. Niliwaeleza jinsi mkurugenzi wetu, Mhandisi Wagdi, alivyoniita akaniagiza nitangaze zabuni. Tulitaka kampuni ya kutufuatilia yote yanayosemwa juu yetu magazetini, redioni, kwenye televisheni na mitandaoni. Niliwaeleza pia kwamba alinitajia mshindi kabla wino wa tangazo haujakauka. Mshindi awe Shadi, mume wa binti yake.

Nikakubali. Nilikaa siku tatu nikaandika masharti ya kurasa kumi na nne, yakamkaa Shadi kama suti ya fundi aliyempima mwenyewe. Baadhi yenu mliandika gazetini kunitukana. Asanteni. Matusi yenu yana adabu kuliko ninavyostahili, maana ya Alhamisi ile hamjayasikia.

Huyo Mhandisi, nisije nikasahau, tunamwita hivyo kama anavyoitwa kila mwenye tai na gari jeusi katika nchi hii. Kwa miaka kumi na mitano sijawahi kumwona ameshika hata bisibisi.

Basi bahasha zilifunguliwa Alhamisi asubuhi, siku tatu baada ya sikukuu ya Sham en-Nasim. Mji mzima ulikuwa bado unanuka fesikh, yule samaki wa kuvundikwa kwa chumvi ambaye Wamisri tunamla siku hiyo kisha tunakimbizana hospitali. Kamati ilikuwa watu watatu: mimi, mwanasheria wetu Ustadh Sabri, na Hamdi wa manunuzi. Hamdi alikuja na fetiri, ule mkate wa tabaka uliojaa samli, akaikata juu ya meza ya zabuni, na kwa vidole vile vile vinavyong'aa mafuta akaanza kupekua bahasha za watu.

Bahasha mbili zilikuwa na lakiri nyekundu, ile nta ya zamani ya kuyeyusha na kugonga muhuri, kama sharti la tisa linavyotaka. Ya tatu ilikuwa imezungushwa selotepu ya kahawia, nayo ilifuatana na boksi la kadibodi lililofungwa kamba.

"Hii ya nani?" akauliza Hamdi. "Muuza vitunguu naye ameomba?"

"Ya Mzee Labib wa Shubra," nikamjibu. "Amekata magazeti miaka arobaini."

"Kwa mkasi?"

"Kwa mkasi."

"Mungu amrehemu."

"Hajafa, Hamdi. Yuko nje koridoni na binti yake, wanasubiri."

Katika zabuni za namna hii, karatasi za kujisifu hazitoshi. Tulikuwa tumewapa waombaji wote watatu wiki moja ya majaribio. Kila mmoja atufuatilie kwa siku saba zile zile, alete alichokiona, tulinganishe. Kwenye karatasi ni haki tupu. Mimi ndiye niliyeiandika, najua uzuri wake wa karatasi.

Tukaanza na jalada la Shadi. Lilikuwa la ngozi bandia, limejaa michoro ya duara yenye rangi za peremende. Alidai tumetajwa mara mia mbili na kumi na mbili, na zote ni sifa. Nikafungua moja ya hizo sifa. Ilikuwa maelezo ya kupika wali wa maziwa kwenye ukurasa wa akina mama, na pembeni yake tangazo letu tulilolilipia wenyewe. Shadi alilihesabu mara tatu.

"Kijana anajua kazi," akasema Hamdi, mdomo umejaa.

Ustadh Sabri ni mtu wa kusema pale tu anapoulizwa na mkubwa wake, na hata hapo hujibu kwa namba ya sharti.

Jalada la pili lilitoka kwa Madamu Gihan wa Heliopolis. Alitupata mara arobaini, na kati ya hizo kulikuwa na malalamiko sita ya bei. Kazi safi, ya kuchosha, ya kweli. Hamdi akaiweka kando kama mtu anayesukuma sahani ya mboga.

Kisha tukafungua boksi la Mzee Labib. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na tisa, kila moja imebandikwa kipande cha gazeti kwa gundi, jina la gazeti na tarehe vimeandikwa kwa mkono. Mwandiko ulikuwa wa binti yake, Demiana. Huyo ndiye anayesoma. Husoma magazeti yote hadi yale ya mikoani yanayochapwa nakala mia tano, ambayo hakuna mashine inayoyajua.

Karatasi ya mwisho ilitoka gazeti la wiki la Kafr Sindabil, mji mdogo huko Delta. Kichwa chake kilisema: "Watoto Kumi na Mmoja wa Chekechea Walazwa Baada ya Kunywa Maziwa ya Bibi."

Hamdi akacheka. "Maziwa ya bibi yupi tena? Hawa watu wa Delta wananyonya bibi zao?"

Mimi sikucheka. Kwenye paketi zetu kuna picha ya mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani, anamimina maziwa kutoka kwenye mtungi. Huko vijijini hakuna anayetamka jina la kampuni yetu. Mtoto akitumwa dukani husema, "Nipe ya Bibi." Nilikuwa najua hilo miaka kumi na mitano. Na bado, katika sharti la sita, niliandika kwamba habari isiyotaja jina la kampuni lililosajiliwa haitahesabiwa. Sharti lenyewe lilitoka kwenye barua pepe ya Shadi, mimi nililinakili tu. Ndiyo maana mashine zake na za Madamu Gihan zilipita juu ya watoto kumi na mmoja zisione kitu. Tuliziambia zitafute jina ambalo watu hawalitumii.

Demiana alikuwa ameandika kwa penseli ukingoni: "Bibi ni picha ya paketi yenu. Ukitazama picha ya gazeti vizuri, namba ya toleo la maziwa kwenye paketi inasomeka: 4471. Tafadhali msilichelewe hili."

"Sharti la sita," akasema Ustadh Sabri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mlango ukafunguliwa, Mhandisi Wagdi akaingia ananukia marashi. Akauliza tumefikia wapi. Hamdi akamwonyesha kipande kile, akitarajia wacheke pamoja. Mhandisi akakisoma akiwa amesimama.

"Fesikh," akasema. "Kila mwaka ni hayo hayo. Wanakula samaki aliyeoza, wanalazwa, halafu wanatafuta wa kumsingizia."

Nami, kwa mara ya mwisho siku ile, nilisema kitu cha maana.

"Mhandisi, hapa wameandika watoto waliugua Alhamisi iliyopita. Sikukuu ilikuwa Jumatatu hii. Fesikh ilikuwa bado haijaliwa."

Hamdi akaacha kutafuna. Mhandisi akakikunja kipande mara mbili, pamoja na maneno ya penseli ya Demiana, akakitia mfukoni.

"Ustadha Inas, njoo ofisini kwangu."

Nilimfuata. Akafunga mlango, akaniagizia kahawa, akaniuliza hali ya mama yangu. Mtu mzima anajua kwamba mkubwa akikuuliza hali ya mama yako, kuna kitu anakuja kukutia mkononi.

"Sikiliza, dada yangu," akasema. "Mtambo wa kuchemshia ulisimama usiku mmoja. Saa mbili tu. Mafundi wakauwasha tena, kazi ikaendelea. Hakuna aliyekufa."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Wakala wetu wa Delta alinipigia Ijumaa. Nikamwambia akusanye paketi zilizobaki dukani, azilete hapa."

"Na sehemu kubwa ya toleo hilo iko wapi?"

Akaelekeza kidevu dirishani. Chini, kwenye ua wa ghala, nilihesabu malori matatu.

"Paketi elfu tisini," akasema. "Jumapili zinagawiwa shuleni. Ofisi ya afya ya shule imeshatupa zabuni yao, kilichobaki ni barua moja. Wanataka tuwathibitishie, kwa ushahidi wa mfuatiliaji wa kujitegemea, kwamba kwa siku kumi zilizopita hakuna taarifa yoyote ya madhara inayotaja bidhaa yetu. Barua ifike leo kabla ya saa nane."

Ndipo taa iliponiwakia. Mimi mjinga nilidhani ni upendeleo wa kawaida, wa mtu kumlisha mkwe wake. Nilikuwa nimeshausamehe moyoni, maana nani hapa hajamlisha mkwe wake?

"Kumbe zabuni yote hii..." nikaanza.

"Ulidhani nahangaika hivi kwa sababu ya Shadi? Shadi ni mjinga. Ndiyo faida yake." Akanywa kahawa yake taratibu. "Tangu tulipoanza kuitafuta kazi ya shule nilijua watadai barua hii. Nilihitaji mtu wa nje, mwenye muhuri, ambaye haoni."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, nasi tunaishi mjini kwake.

"Na yule mzee?" nikauliza.

"Bahasha yake ina lakiri?"

"Ina selotepu."

"Basi hakuomba. Mtu ambaye hakuomba hana jalada, na jalada ambalo halipo halina kipande. Umeandika vizuri sana masharti yako, Ustadha. Kiti cha naibu mkurugenzi kiko wazi tangu Januari. Sikuwa na haraka ya kumweka mtu, nilikuwa naangalia watu."

Sasa nawaungamia, wasomaji wangu, na msinitafutie udhuru. Sikuwa na njaa. Sikuwa na mgonjwa nyumbani. Hakuna aliyenitishia kisu. Nilikitaka kile kiti. Nilishajiona nimekikalia, na nilishaamua pazia la rangi gani.

Nikarudi kwenye kamati nikaandika muhtasari: mwombaji wa tatu ameondolewa kwa kukiuka sharti la tisa. Madamu Gihan tukamwondoa kwa kukosa tawi Aleksandria, ingawa Shadi naye tawi lake la Aleksandria ni chumba cha shangazi yake. Nikatia sahihi. Sabri akatia sahihi. Hamdi akatia sahihi, akaacha alama ya kidole cha samli juu ya jina langu.

Kisha nikaandika barua ya ofisi ya afya. Sentensi yenyewe naikumbuka neno kwa neno: "Ufuatiliaji wa kujitegemea wa vyombo vyote vya habari haukupata taarifa yoyote ya madhara inayotaja bidhaa yetu." Ukiipekua hutapata uongo ndani yake, kwa sababu gazeti lilitaja Bibi, halikututaja sisi. Niliisoma mara mbili nikaona ilivyonyooka, na, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilijivunia. Nikaituma saa sita na nusu.

Kilichobaki ni kumwambia mzee. Hamdi alikataa kwenda, akasema tumbo linamsumbua.

Mzee Labib alikuwa amekaa kwenye kiti cha koridoni, kofia magotini. Ni mtu mkali, mwenye kikohozi cha sigara na ulimi wa mkasi wake. Demiana alikuwa amesimama dirishani anasoma gazeti, penseli nyuma ya sikio. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mnene, mpole wa sauti.

"Mzee wangu, pole sana," nikasema. "Kamati imeshindwa kuipokea bahasha yako. Haikuwa na lakiri."

"Haikuwa na nini?"

"Lakiri. Sharti la tisa."

Akacheka hadi akakohoa. "Binti yangu, nimezunguka Ataba nzima kutafuta lakiri. Wauzaji vijana wananiuliza ni dawa ya nini. Mwenyewe ulipata wapi wazo la kuidai lakiri mwaka huu?"

Lilikuwa wazo la Shadi. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, nyumbani wana mche mzima wa lakiri.

"Miaka arobaini nawapelekea wakubwa habari zao mbaya," mzee akaendelea. "Wapo walionifukuza kwa matusi. Mmoja alinirushia kitu cha kuwekea majivu ya sigara. Hao nawaheshimu, walikuwa wamesoma. Selotepu hii ndiyo mara ya kwanza."

"Baba, acha," akasema Demiana. Akanigeukia. "Ustadha, kipande cha mwisho mmekisoma?"

"Kamati imezingatia kila kitu kwa mujibu wa masharti."

"Sijauliza kamati. Wewe umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Basi kazi mpeni mnayemtaka," akasema. "Mradi mmekisoma."

Akamshika baba yake mkono, wakaenda. Alikuwa ameniamini. Alidhani mtu akishasoma habari kama ile, mengine yatafuata yenyewe. Nilitamani anitemee mate, angalau nijue nipo wapi.

Saa saba na nusu simu ikalia. Ilikuwa Daktari Ulfat wa ofisi ya afya ya shule, mwanamke tusiyefahamiana, sauti yake ya upole na ya kazi.

"Barua nimeipata, ahsante. Imeandikwa vizuri. Swali moja tu la kujaza kwenye fomu: huyo mfuatiliaji wenu ana uhusiano wowote na kampuni?"

"Hana," nikasema.

"Vizuri. Kibali nakisaini sasa hivi."

Mhudumu wetu, Umm Hani, akaniletea chai yangu ya kila siku, ya maziwa. Maziwa yetu, nani angeleta mengine? Nikaitazama, ikanijia harufu ambayo haikuwemo. Nikakimbilia msalani nikatapika kahawa ya Mhandisi yote. Nilipoinua uso nikauona kwenye kioo, nikauchukia kama uso wa mtu aliyenidhulumu. Huwa mnasoma kwamba mtu akijichukia kiasi hicho hubadilika. Msiamini, endeleeni kusoma.

Nilimpigia Demiana.

"Nakala ya kile kipande unayo?"

"Baba habakizi chakula lakini nakala hubakiza. Ya nini? Si mnacho?"

"Hatunacho tena."

Nikamweleza yote, toka mtambo hadi malori. Sijui kwa nini nilimweleza yeye. Labda kwa sababu hakunifokea.

"Na yanatoka lini hayo malori?" akauliza.

"Leo, wakimaliza kupakia. Wikendi yatakuwa yameshafika maghala ya mikoani."

"Nakutumia picha ya kipande. Wewe mpigie huyo daktari. Mimi nakuja."

"Usije, Demiana. Utafanya nini?"

Alikuwa ameshakata simu. Picha ikaingia baada ya dakika moja, nami nikamtumia Daktari Ulfat, kisha nikampigia. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Alikisoma. Aliposema tena, upole ulikuwa umemtoka.

"Hiki kipande ulikipata lini?"

"Asubuhi."

"Kabla ya barua yako au baada?"

"Kabla."

"Nisikilize, mama," akasema. "Kipande hakitaji kampuni yenu. Nikisimamisha malori kwa hiki, mkurugenzi wako ataleta barua yako mwenyewe, na kabla ya magharibi nitakuwa nimeshindwa. Kitu kimoja tu kinanitosha. Uniandikie kwa mkono wako kwamba barua ile ni ya udanganyifu, na kwamba wewe uliyeitia sahihi ulikuwa unajua. Ipige picha unitumie. Ikinifikia, nafuta kibali papo hapo."

"Na mimi?"

"Wewe utapelekwa mbele ya mwendesha mashtaka. Sitakudanganya."

"Nina muda gani?"

"Saa tisa mfumo unafungwa kwa wikendi, Ijumaa na Jumamosi. Baada ya hapo kibali changu kinakuwa cha wizara nzima, na mimi peke yangu sina uwezo wa kukigusa hadi Jumapili mchana. Maziwa yanagawiwa saa mbili asubuhi."

Nikachukua karatasi nyeupe. Nikaandika. Haikuwa ngumu kama mnavyodhani, ilikuwa mistari mitano. Nikatia jina langu kamili, na la baba yangu, na la babu yangu. Saa nane na nusu ilikuwa tayari, iko mezani. Nikaipiga picha, ikatoka vizuri, kila herufi inasomeka. Kilichobaki ni kidole kimoja kubonyeza mahali pamoja.

Nikakaa.

Nikafikiria gereza la wanawake la Qanatir. Nikafikiria mama yangu akiulizwa na majirani kwenye ngazi. Nikafikiria pia kile kiti. Naapa, hata hapo bado kilikuwamo. Nikajiambia pengine zile saa mbili za mtambo hazikuharibu paketi zote. Nikajiambia maziwa ya shule watoto wengi hawayamalizi. Niliyasema haya kwa sauti, peke yangu, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye shahada mbili.

Ilipofika saa tisa kasorobo nilikuwa bado nimekaa. Saa tisa kasoro dakika tano nikaishika simu, nikaiweka chini, nikainuka kufunga dirisha kwa sababu eti kelele za uani zilikuwa zinanisumbua. Niliporudi kitini ilikuwa saa tisa na dakika mbili.

Hakuna aliyenizuia. Mlango ulikuwa wazi muda wote.

Ujumbe wa Daktari Ulfat ukaingia. Neno moja tu: "Haya."

Nikaikunja karatasi yangu nikaitia kwenye mkoba, nikachukua miwani, nikashuka niende nyumbani kama mtu yeyote anayemaliza kazi siku ya Alhamisi. Uani nikakuta watu wamekusanyika. Lori la kwanza lilikuwa limewashwa, pua yake imefika langoni, na dereva ametoa kichwa dirishani.

"Dada yangu, mimi nina watoto, nina safari ya Tanta," alikuwa anasema. "Hasira zako na kampuni zinanihusu nini? Pisha."

Mbele ya lori, katikati ya lango, alikuwa amesimama Demiana na gazeti la Kafr Sindabil mkononi. Nyuma yake, juu ya boksi lake la kadibodi, amekaa Mzee Labib anavuta sigara. Walinzi wawili walikuwa wanazunguka hawajui waanzie wapi, kwa sababu mwanamke haburutwi hadharani na mzee hapigwi. Wapakiaji walikuwa wameacha kazi. Wengine walikuwa wanasoma lile gazeti juu ya bega lake.

Mhandisi Wagdi akateremka ngazi anatabasamu. Aliponiona akapanua mikono.

"Mungu amemleta mwenyewe," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Binti yangu, unasoma magazeti sana, na ni jambo jema. Lakini huyu hapa ndiye aliyefanya uchunguzi na kuwaandikia wizara. Mimi ni mkurugenzi, unaweza kusema natetea mali yangu. Huyu hana mali hapa. Muulize yeye."

Dereva akazima injini. Nikausikia hadi moto wa sigara ya mzee ukichoma karatasi.

Demiana akanitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa bado anadhani nimempa daktari kila alichohitaji, na kwamba simu kutoka wizarani itaingia wakati wowote.

"Ustadha," akasema, "waambie. Ukisema maziwa haya ni salama, mimi na baba tunaondoka sasa hivi."

Mhandisi alikuwa anatabasamu. Dereva alikuwa ameshika ufunguo. Karatasi yenye jina langu, la baba na la babu, ilikuwa mkobani, chini ya kwapa langu.

Nikafungua mdomo. Na neno la kwanza kunijia ulimini, nawaandikia haya nikiwa siwezi kuwatazama machoni, lilikuwa "salama."